Kapsuli za ubongo za elfu 85 pale Mwanga, mrejesho wangu (na naomba radhi kwa niliowashawishi)

Habari za jumapili ndugu zangu. Hii kitu nimekaa nayo wiki mbili, nikasema ngoja niandike tu maana kuna watu watatu ninaowajua wamenunua kwa sababu ya maneno yangu, na kama wapo wengine siwajui. Jina la duka sitaji, jina la kapsuli sitaji, wa Kigoma mjini mtajijua wenyewe.

Iko hivi. Bi mkubwa wangu ana miaka 74, anakaa Ujiji na mjukuu wake wa kike, mi nakaa Gungu. Mwisho wa mwaka jana akaanza kuwa mtu wa kurudiarudia. Unamwambia kitu anakuangalia tu, baada ya nusu saa anauliza kile kile. Birika liliungulia jikoni mara mbili, la pili lilitoboka kabisa. Siku moja nimekaa nae barazani ananimenyea embe akaniita kwa jina la marehemu kaka yake, akajisahihisha akacheka, mi sikucheka. Wenye wazazi wazee mnaijua ile baridi ya tumboni.

Sasa hapo kichwa kikiwa hakijatulia ndo nikaingia kwenye lile duka. Niseme ukweli, kwa huduma ya kupokea mteja hawana mpinzani. Mlango wa kioo, feni inafanya kazi, unapewa maji ya baridi kabla hujasema shida yako. Dada anayeuza ni mchangamfu na ana maneno, akaniambia "kaka, ubongo wa mzee ni kama simu ya zamani, betri haikai na chaji na memori imejaa uchafu, hizi zinachaji betri afu zinafuta uchafu ndani ya siku 40." Akatoa karatasi ina picha mbili za ubongo, mmoja mnono mmoja umesinyaa kama embe la wiki mbili. Chupa moja kapsuli 60, kutwa mara mbili, shilingi 85,000. Nikachukua mbili. 170,000 taslimu, siku hiyo nilirudi Gungu kwa miguu na sijutii mazoezi.

Ninachotaka kumpa haki yake yule dada ni kwamba maneno yake hayakuwa ya uongo mtupu, na ndo maana yalininasa. Usiku nilinunua bando nikakesha nasoma nikitegemea kukuta utapeli, nikakuta kuna sayansi kweli chini yake. Ila sayansi ipo kilomita kumi na chupa ipo kilomita mia, yani chupa imetangulia mno.

Ngoja niwaelezee nilivyoelewa, wenye elimu zaidi mtanirekebisha. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote tunayotumia, hata ukiwa umelala. Hiyo nguvu inatengenezwa ndani ya seli kwenye majiko madogo madogo yanaitwa mitokondria, tulisoma sekondari tukasahau, na yanatoa kitu kinaitwa ATP, ndo kama mafuta ya seli. ATP kila mtu kaisikia. Ana ndugu yake anaitwa GTP ambae hatajwi sana, kumbe huyu ndo anasimamia mambo mengi ya usafirishaji ndani ya seli, ikiwemo kuzoa taka.

Taka zenyewe ni nini. Seli inatengeneza protini muda wote, na protini lazima ikunjwe vizuri ndo ifanye kazi. Zinazokunjwa vibaya zinanatana, zinakuwa mabonge. Kuna za aina mbili zinazotajwa sana kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu, moja ni amiloidi inayoganda hasa nje ya seli, nyingine inaitwa tau inajisokota ndani ya seli kama uzi uliochezewa na paka. Hii sio habari mpya hata, Mjerumani Alois Alzheimer aliwaonyesha wenzake mwaka 1906 alichokikuta kwenye ubongo wa mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, ndo ugonjwa ukapewa jina lake. Na hata sokwe wanapata, mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kuwa wamekuta amiloidi na tau kwenye bongo za sokwe wazee waliofugwa. Sisi jirani zetu wa Gombe hatujui wanasahau nini.

Sasa seli ikiwa na afya hayo mabonge inayafungia kwenye vifuko, vifuko vinasafirishwa mpaka sehemu yenye asidi na vimeng'enya, huko yanasagwa yanageuzwa vipande vya kutumika tena. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Nobeli mwaka 2016 kwa kuonyesha huo mfumo unavyofanya kazi, tena alianzia kwenye hamira, hii hii ya maandazi. Ila kusafirisha vifuko kunataka nguvu, na hapo ndo GTP inaingia. Ukikaa karibu na soko lolote la mjini utaelewa haraka: wafagiaji wapo, mafagio yapo, taka zimeshakusanywa kwenye viroba vimefungwa vizuri, ila gari la kuzoa halina dizeli. Siku ya kwanza hamna neno, ya tatu inzi, ya saba hupiti hiyo njia. Na seli ya ubongo haina bahati ya seli ya ngozi, ngozi inachubuka inaota nyingine, seli nyingi za ubongo ulizozaliwa nazo ndo unazeeka nazo, taka ya mwaka huu inalala juu ya taka ya mwaka jana.

Basi mwaka 2025 watu wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, akiwemo mtafiti anaitwa Gregory Brewer, walichukua seli za ubongo za panya waliotengenezwa wapate ugonjwa kama wa Alzheimer. Wakaweka kitu kinachowaka ndani ya seli hai ili waone GTP iko kiasi gani, wakakuta panya akizeeka GTP inashuka, hasa kwenye mitokondria, na uzoaji taka unakwama. Wakaziwekea vitu viwili kwa saa 24, nikotinamaidi ambayo ni aina ya vitamini B3, na EGCG ambayo inatoka kwenye chai ya kijani. GTP ikapanda kurudi kama ya ujana, vifuko vikaanza kutembea, mabonge ya amiloidi yakapungua.

Nilivyosoma hapo niliruka kitandani, maana chupa yangu imeandikwa hivyo hivyo, nikotinamaidi na chai ya kijani! Nikasema yule dada kumbe ni profesa.

Afu nikaendelea kusoma, hapo ndo usingizi ukaisha kabisa. Seli zile zilikuwa kwenye sahani ya maabara. Hamna mdomo, hamna tumbo, hamna ini, dawa inamwagiwa seli moja kwa moja. Ukimeza, ile nikotinamaidi inabadilishwa huko kwenye damu kabla haijafika kichwani, na Brewer mwenyewe alilisema hilo, kwamba kuna jaribio la watu kumeza nikotinamaidi na halikufanya kazi sana kwa sababu hiyo hiyo, hivyo bado wanatafuta njia ya kuifikisha. Hilo jaribio watu walikuwa wanameza gramu 3 kwa siku kwa wiki 48. Gramu tatu! Chupa yangu kapsuli moja ni miligramu 250, kutwa mara mbili ni nusu gramu. Yani wenzetu wamebeba ndoo sita moto haukuzimika, mi nimekuja na ndoo moja nimelipia elfu 85.

Na hata mabonge yenyewe kuyatoa sio kwamba kumbukumbu inarudi kama unavyorudisha laini iliyopotea. Kuna dawa ya sindano inaitwa lecanemab, Marekani iliruhusiwa kikamilifu mwaka 2023, hiyo inapunguza amiloidi kweli kweli, na kilichoonekana kwenye majaribio ya miezi 18 ni kwamba kudorora kunapungua kasi kwa asilimia 27. Kupungua kasi, sio kurudi. Bei walitangaza dola 26,500 kwa mwaka, ni zaidi ya milioni 60 za kwetu, afu kuna hatari ya ubongo kuvimba au kuvuja damu kidogo kwa hiyo lazima upigwe picha za ubongo mara kwa mara. Hiyo ndo dawa iliyopimwa kwa miaka. Sasa kapsuli ya Mwanga ndo inafuta uchafu ndani ya siku 40?

Nikaichukua chupa nikaisoma vizuri na tochi ya simu. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, "nguvu ya seli, ubongo safi." Nyuma kabisa chini ya tarehe ya kuisha, maandishi madogo kama mayai ya chawa, kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Kwenye chai ya kijani wameandika miligramu 400 za kamulio, yani chai iliyokamuliwa, lakini EGCG ndani yake ni kiasi gani hawajasema. Hii sio kitu kidogo, mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilisema virutubisho vya chai ya kijani vinavyofikisha miligramu 800 za EGCG kwa siku vinaonyesha dalili za kusumbua ini. Kunywa kikombe cha chai ni jambo lingine na kumeza iliyokamuliwa ni jambo lingine. Na lililoniudhi zaidi ya yote, pale dukani hakuna aliyeniuliza mama anatumia dawa gani. Bi mkubwa ana presha, ana vidonge vya kila siku miaka nane sasa. Hata swali moja. Nilipoulizwa ni kama nataka mfuko.

Mtauliza kwa nini sikurudisha asubuhi yake. Jibu ni kwamba elfu 170 ilikuwa imeshaondoka, na mtu ukishalipa unaanza kuamini, sijui wenzangu. Nikajiambia vitamini B3 haina shida, ipo kwenye dagaa, ipo kwenye karanga, tumekula tangu utoto, acha aongezee. Nilimuuliza mhudumu wa kliniki ya presha, akaguna, akasema kama lazima basi moja kwa siku na akiona tofauti aache. Sikumwambia mama hilo la moja, hapo nakubali kosa ni langu.

Kila jioni napiga simu. "Mama shikamoo, umemeza?" "Marahaba, nimemeza baba." Mjukuu wake nae anathibitisha kwamba kamuona bibi anafungua chupa asubuhi na jioni. Safi.

Wiki ya tatu tukaenda kliniki ya kawaida ya presha, kwenye foleni nikamsimulia yule mhudumu kwamba mama ukimuita kwa nyuma hageuki. Akachukua kile kitochi cha masikio akamchungulia. Akanyamaza, akaniita nami nichungulie. Wakuu, sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta nyeusi ngumu kama lami, la kushoto afadhali kidogo. Wakamtilia mafuta siku kadhaa tukarudi wakamsafisha kwa bomba la maji ya vuguvugu, kitu kilichotoka kikadondoka kwenye beseni kwa mlio, nasema kwa mlio. Bi mkubwa akashtuka akasema "mbona mnapiga kelele?" Tulikuwa tunaongea kawaida tu.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Unamwambia kitu mara moja anajibu. Redio akaipunguza. Akawa anamkosoa mjukuu anavyoongea na simu chumba cha pili. Na mi kwa akili zangu, wiki ya tano, nikamwandikia yule dada wa dukani: "Dada asante sana, mama anaendelea vizuri mno, anakumbuka hata madeni yangu." Kwa kweli nilisahau kabisa masikio. Yani mwenye tatizo la kumbukumbu nikawa mi. Kesho yake meseji yangu ipo kwenye stetasi ya duka, jina wamelifuta lakini picha yangu ya profaili na shati la Simba inaonekana, chini wameandika "MAMA WA MIAKA 74 KUMBUKUMBU ZIMERUDI." Ndo hapo mlipoiona baadhi yenu, na ndo hapo jirani yangu na wale wawili wa kazini wakaenda kununua.

Siku tatu baadae nipo Ujiji, natafuta sukari jikoni, nikafungua mkebe wa zamani wa majani ya chai uliopo juu kabisa ya kabati. Nikakuta kapsuli. Zimerundikana, za kijani na nyeupe, zimeanza kunatana kwa joto mbili mbili, tatu tatu, ukiutikisa mkebe zinasogea kama bonge moja. Nikazimwaga kwenye ungo nikahesabu. 58. Kwa siku 35 zilitakiwa ziwe zimemezwa 70. Kwa hiyo bi mkubwa alimeza 12, siku 6 za mwanzo, basi.

Nikamuita. Hakukana hata. Akasema zinamcheulisha majani makavu kutwa nzima, na usiku hapati usingizi, anasikia moyo unamwenda mbio, akaona asiniudhi maana nimetumia hela nyingi, ndo akawa anafungua chupa mbele ya mtoto, anaiweka mkononi, anaipitisha kwenye kanga, ikipatikana nafasi inaenda kwenye mkebe. Mbinu za namna hiyo mtu mwenye ubongo uliochakaa anazitoa wapi, hilo swali nimejiuliza sana. Na lile la usingizi linaingia akilini, chai ya kijani ina kafeini nayo, kwenye lebo hawakugusia.

Nikarudi dukani na mkebe. Nikamwambia dada, ule ushuhuda ufute, mama hakumeza. Akaniangalia kwa huruma akasema, "lakini si kapona kaka?" Nikamweleza habari ya masikio. Akasema inawezekana zile 12 ndo zilizolainisha nta. Wallahi alisema hivyo, na sura kavu. Meseji waliifuta baada ya siku mbili, sio kwa sababu nimeomba, stetasi tu zilijaa. Hela hawarudishi kwa chupa iliyofunguliwa, hilo nakubali limeandikwa kwenye risiti. Wamenipa ofa chupa ya tatu kwa 75,000.

Kwa hiyo mrejesho wangu ni huu. Mapokezi, nyota tano. Kumuuliza mteja habari za mgonjwa, sifuri. Lebo, mbili, moja kwa kuweka ule mstari mdogo wa nyuma na moja kwa kutaja angalau miligramu. Kapsuli zenyewe kama zinafanya kazi siwezi kuwapa nyota maana jaribio langu limeharibiwa na mshiriki. Nyie mlionunua kwa ajili ya ile meseji, naomba radhi, na kama mzee wako anatumia dawa zingine muulize mtu wa kliniki kabla hajafika katikati ya chupa, na mchunguze masikio na macho. Ripoti ya jopo la Lancet, lile jarida la kitabibu, ya mwaka 2024 imetaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni na yanaweza kushughulikiwa, kusikia vibaya limo, kuona vibaya limo, presha imo, sukari imo. Kukosa kapsuli halimo.

Sisemi bi mkubwa hana kitu. Masikio yamefunguka lakini jumatano kachanganya jina la mjukuu tena, na tumepangiwa tarehe ya kuonana na daktari mkubwa mwezi ujao. Labda gari la taka kweli limeishiwa dizeli huko ndani, labda ni uzee tu. Na hao watu wa Irvine siku wakipata njia ya kuifikisha hiyo kitu kichwani mi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, sina kinyongo na sayansi.

Mkebe nao ninao hapa Gungu, nimeshindwa kuutupa. Jumamosi mama alikuja kututembelea na bajaji, akaleta mawese na migebuka minne mikavu, wakati wifi yenu anapika akauona mkebe juu ya friji. Akaufungua, akazitazama muda, akaniuliza, "hizi za nani baba?"

Nikamwangalia usoni nijue ananitania au vipi. Alikuwa ameshaufunika, anauliza chumvi ipo wapi.